Albamu Gani kwa Chumba cha Mwisho?

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla ya yote nakuomba usicheke mpaka ufike mwisho, maana swali langu likisikika juu juu ni la mtu asiye na kazi: nataka kujua ni albamu gani za muziki zinafaa kusikilizwa wakati watu wawili wanapaka rangi nyumba, hasa kama mmoja wa hao wawili hataki kuongea na mwenzake. Nimeuliza majirani, nimemuuliza muuza rangi, kila mmoja ana lake, na sasa chumba kilichobaki ni kimoja tu, nacho ndicho kinachoninyima usingizi.

Mimi ni mshonaji, nashonea nyumbani, na mwaka jana niliolewa na dereva wa lori ambaye mke wake wa kwanza alifariki akamwachia binti mdogo, na huyo binti akalelewa na shangazi yake mpaka sasa amekuwa msichana wa sekondari, mrefu kunizidi. Likizo hii baba yake alimleta kwetu akamwambia mbele yangu, "Kaa hapa, utuangalie. Shule zikikaribia kufunguliwa utaniambia mwenyewe kama unabaki na sisi au unarudi kwa shangazi. Hakuna atakayekununia." Kisha akapanda lori akaenda safari, akatuacha mimi na yeye tunatazamana sebuleni kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Nami Mshauri nakuambia wazi, namtaka huyu mtoto abaki. Sikujaliwa wangu, lakini si kwa ajili hiyo tu, ni kwamba siku ile ile aliyofika alikuta kopo langu la vifungo limepinduka, akakaa chini akavipanga kwa rangi bila kuambiwa na mtu, nikampenda papo hapo.

Wazo la kupaka nyumba lilikuwa langu. Kuta zetu zilikuwa zimechoka, zina alama za viti na viganja vya watu waliotutangulia, nikafikiri mikono ikishughulika mdomo nao utalegea, mtu hawezi kushika brashi siku nzima akiwa amejifunga vile. Nikamwambia, akasema, "Sawa, anti." Nikamshonea aproni kutoka shuka kuukuu, yenye mfuko mkubwa mbele, akaivaa, akafunga kitambaa kichwani, halafu akachomeka masikioni zile hedifoni ndogo, waya ukashuka mpaka ndani ya mfuko wa aproni, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi ukuta huu, yeye ukuta wa pili, tumepeana migongo. Anapaka vizuri, tena kunishinda, ila nikimtaka lazima nimpungie mkono kwanza ndipo atoe hedifoni moja, anijibu neno moja, airudishe. Nikamuuliza anasikiliza nini, akasema nyimbo tu. Nyimbo gani? Za kawaida tu, anti.

Sasa mimi udadisi ni ugonjwa wangu, mteja akileta kitambaa nitataka kujua kanunua wapi na anakwenda wapi nacho, kwa hiyo nikaanza kuwaza huyu mtoto ana nini humo masikioni asubuhi mpaka jioni, nikajiambia kama ni muziki anaoutaka basi nitautoa muziki nje tusikilize wote, huenda tukakutana kwenye wimbo mmoja. Mume wangu ana redio kaseti ya zamani na sanduku zima la kanda alizokusanya njiani, maana lori lake halijui kitu kingine. Nilipokwenda kununua rola nikamuuliza muuza rangi, bwana, watu wakipaka rangi husikiliza albamu gani? Hakushangaa hata kidogo. Akasema rumba, albamu ya bendi kubwa yenye magitaa mengi, kwa sababu rola hupanda na kushuka kwa mwendo ule ule, akanionyesha kwa mkono pale pale kaunta. Akanionya pia kwamba nikiuanza ukuta nisisimame mpaka nifike kona, kwani rangi ikianza kukauka haiungiki tena, itaacha mstari.

Tukaanza sebule kwa rumba. Ilikuwa tamu kweli, kiuno changu ni shahidi, lakini upande mmoja wa kanda ukiisha kitufe kinaruka tak, kimya kinaingia, nami kimya kile siwezi, naacha rola, nafuta mikono, nageuza kanda, nikirudi rangi imeshashika. Sasa ukuta wangu una mstari wima karibu na dirisha, utadhani sebule ilishonwa kwa vipande viwili. Nikageuka kuangalia wa kwake, nao una mstari, katikati kabisa, mtu mwenye mkono mzuri vile. Nikasema basi, ndiyo kujifunza.

Chumba chetu cha kulala hakikupata muziki kabisa kwa sababu umeme ulikatika na betri za redio zilikuwa zimeshavuja. Siku ile nilijionea huruma, binti kanipa mgongo kama kawaida. Nilipaka huku nanguruma peke yangu kama ninavyofanya nikiwa kwenye cherehani, mume wangu husema ni jenereta la jirani, na nikichoka kunguruma huwa najisimulia habari za wateja, nikawa nausimulia ukuta habari ya mama mmoja aliyeleta kitambaa cha kumetameta akataka gauni kwa vipimo vyake vya kabla hajazaa mapacha, akaniambia nisithubutu kumpima upya, nami nikamwachia akiba ya kitambaa ndani ya mshono kila upande, kwa siri. Chumba kilitoka safi kuta zote nne, nikadhani ni kwa sababu ni kidogo. Jioni yake tunakula, binti akaniambia maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia kwa mara moja: "Anti, yule mama, gauni lilimwingia?" Nikamjibu lilimwingia, nikaendelea na yangu, maana nilikuwa nimeshika kanda ya kwaya niliyoazima kwa jirani, utepe umetoka wote nje, naurudisha kwa penseli ili iwe tayari kwa korido.

Korido tukaipaka kwa kwaya, jirani aliapa kwamba kwaya inanyoosha mkono. Sauti zikipanda na mimi napanda nazo, rangi ya ukuta ikafika kwenye dari. Jikoni nikaweka rege, hilo wazo langu mwenyewe, nikasema vijana wanapenda rege, nikapaka polepole mno mpaka rangi ikawa nzito ikatiririka. Na kila kanda ilipoisha, mstari kwangu, mstari kwake. Hedifoni hazikutoka, wala hakutikisa hata bega.

Hapa ndipo penye aibu, Mshauri. Juzi tulipomaliza jiko alikwenda kuoga, akaacha aproni kwenye kitasa cha mlango, waya unaning'inia. Nikasema leo nitajua, niweke hedifoni moja tu sikioni, nijue albamu anayoipenda, nimtafutie. Sikusikia kitu. Nikadhani wimbo umeisha, nikavuta waya nione simu imeandika nini, ukaja wote mpaka mwisho, haukushika chochote. Simu yake ilikuwa sebuleni inachajiwa tangu asubuhi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeipangusa vumbi la msasa. Nikarudisha waya mfukoni haraka kama mwizi.

Tangu hapo sina raha. Kumbe siku zote hizi hasikilizi chochote, ameziba masikio ili tu nisimsemeshe, na mimi nahangaika na rumba na kwaya, nampigia mbuzi gitaa. Kilichobaki sasa ni chumba chake. Kabla hajaja ndimo nilimokuwa nikishonea, cherehani nimeihamishia sebuleni, kitanda chake kiko humo lakini kuta bado zina matundu ya pini zangu. Nimempa kadi ya rangi achague anayotaka, akairudisha mezani akasema, "Yoyote tu, anti." Mtu anayesema yoyote si ameshaanza kufunga mizigo? Baba yake anarudi mwisho wa wiki na atamuuliza. Je, nimwambie kwamba najua kuhusu ule waya? Nimwache tu arudi kwa shangazi yake asiendelee kuteseka na mimi? Au kuna albamu, hata moja, ambayo nikiiweka tukipaka chumba hicho atatoa hizo hedifoni mwenyewe? Nipo tayari kuazima, kununua, hata kuimba.

Wako,
Mwenye Madoa ya Rangi


Mwenye Madoa,

Mhariri alitaka barua yako ipelekwe ukurasa wa burudani. Nimemkatalia. Lakini kwa kuwa umeuliza albamu, nitaanza na albamu, usije ukasema nimekukwepa.

Muuza rangi hakukudanganya, rumba ni ya rola na kuta ndefu. Kwaya ni ya dari, kwa sababu huko shingo imeshainuka tayari. Kuiweka kwenye korido nyembamba ni kujitafutia kesi, kama ulivyoona. Milango na fremu za madirisha zinataka ala tupu zisizo na maneno, maana penye maneno utaimba, ukiimba mkono utacheza, na rangi ikigusa kioo utaikwangua kwa wembe mpaka ujute. Rege iwekee siku ya kuosha brashi, hapo hakuna anayekukimbiza. Nyimbo za mapenzi za kulia zisikaribie ndoo kabisa. Niliwahi kuona bafu lililopakwa na mtu aliyeachwa, na sitaki kuliona tena. Na albamu yoyote utakayochagua iwe ndefu kuliko ukuta. Wewe ni mshonaji. Ungemkuta mwanafunzi wako ameacha mshono katikati ya bega akaenda kugeuza redio, ungemwambia nini? Basi jiambie hayo hayo.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe, na kwanza upokee unachostahili. Hedifoni za mtu ni kama mswaki wake, hazijaribiwi na mwingine. Unasema udadisi ni ugonjwa wako. Hata mimi ninao, bila huo nisingeandika safu hii. Lakini kuna kuuliza na kuna kupekua, na wewe ulipojibiwa kifupi ukarukia kupekua. Usirudie. Na kibaya zaidi, ulipopekua ukapata jibu, ukalisoma miguu juu kichwa chini.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili na kalamu mkononi, na kuna mambo nimeyapigia mstari. Kanda ilipoisha sebuleni uliacha rola ukaenda kuigeuza. Mstari wako tunaujua ulikotoka. Wa kwake je? Mtu aliyeziba masikio, aliyekupa mgongo, mwenye mkono mzuri kuliko wako, alisimama katikati ya ukuta wakati ule ule uliposimama wewe, na kwenye korido hivyo hivyo, na jikoni hivyo hivyo. Nani alimwambia kwamba kanda imeisha?

Twende chumbani kwenu. Umeme hakuna, redio hakuna, kuta nne safi, nawe unasema ni kwa sababu chumba ni kidogo. Dada yangu, rangi haijui ukubwa wa chumba. Siku ile hukuuacha ukuta wako kwa sababu hapakuwa na kanda ya kugeuza, na yeye hakuuacha wake kwa sababu wewe hukunyamaza. Ulinguruma na kusimulia kutoka kona mpaka kona, naye akapaka kutoka kona mpaka kona.

Kisha lile la mezani, na hapo niliweka kalamu chini. "Yule mama, gauni lilimwingia?" Mama yupi? Habari ile hukumsimulia yeye, uliusimulia ukuta, na yeye alikuwa ukuta wa pili na vizibo vyake masikioni. Aliibeba habari yako mpaka jioni, akasubiri mtulie, akakuletea swali, tena swali zuri, la mtu anayetaka hadithi iendelee. Nawe ukamjibu kwa neno moja ukarudi kwenye penseli na utepe wako. Yale majibu ya neno moja unayomlalamikia, siku ile ulimpa wewe. Ningekuwa karibu ningekufinya.

Kwa hiyo masikio hayajazibwa usisikike. Kwa nini basi azivae? Siwezi kuapa, simjui, lakini nitakwambia ninavyoona. Huyu mtoto amepewa kazi nzito ya kuamua ataishi na nani, na aliyempa kazi hiyo akapanda lori akaondoka. Atakujuaje? Ukijua anakusikiliza unajipanga, unachekacheka, unaleta rumba. Akiziba masikio unasahau kuwa yupo, na hapo ndipo anapomsikia yule atakayeishi naye kweli: anayenguruma kama jenereta, anayemsema mteja halafu anamwachia akiba ya kitambaa asije akaaibika mbele za watu. Sioni kama huyo amemchukiza. Nimesikitika ulivyojiona mzigo, maana kwa mujibu wa barua yako mwenyewe, mtoto huyu amekuwa akikufuata neno kwa neno.

Basi fanya hivi. Kuhusu waya, funga mdomo, na macho yako nayo yanyamaze. Hizo hedifoni ni pazia lake, ataliondoa akitaka, asipotaka litakaa. Ukimwambia unajua atajiona amekamatwa, na utakuwa umemfukuza kwa mkono wako.

Rangi ya chumba chake usimchagulie, na usimkumbushe. Ukuta wenye matundu unazibwa, unapigwa msasa, unapakwa mkono wa kwanza mweupe, tabaka la chini, haidhuru ni rangi gani itakayokuja juu yake. Upakeni huo mweupe, nyinyi wawili, kabla baba yake hajarudi. Redio ibaki sebuleni. Anzia konani, mpe mgongo, na usiweke rola chini mpaka kona ya pili. Halafu usimulie ukuta ile habari ya gauni tangu kitambaa kilipoletwa mpaka lilipoingia, alivuta pumzi vipi, alijitazama kwenye kioo akasema nini, usiruke kitu, na ukimaliza nenda kwa mteja mwingine. Usinyamaze ili usikilize kama anacheka. Akiuliza jambo, mjibu lote. Mkono wa pili msiupake. Huo ungoje kadi ya rangi, na kadi iache pale pale mezani.

Lile unaloliogopa nalo tuliseme. Anaweza kumwambia baba yake kwamba anarudi kwa shangazi. Shangazi amemlea, si adui yako, na mtoto kumpenda hakukupunguzii wewe kitu. Utalia, lia, lakini si mlangoni wakati anaondoka. Chumba kibaki na weupe wake na kitanda chake, na cherehani yako isitie mguu humo. Likizo nyingine atakuta mkono wa pili bado unamngoja, na hutahitaji kumweleza kwa maneno. Akibaki, usimdai akuite mama. Anti linatosha, hasa likiitwa kila siku.

Na albamu umeuliza mtu asiyehusika. Siku mtakapokuwa mnaosha brashi mwambie hivi: "Ungekuwa wewe unachagua, ungetuwekea nini?" Akisema yoyote tu, sawa, endelea kuosha brashi, na kesho uliza jambo jingine.

Mistari ya sebuleni najua unataka kuifuta kabla mume wako hajaingia. Wako ufute, ni mahali ulipoondoka ukaenda kushughulika na redio. Wa kwake uache kwanza. Vuta stuli ukae mbele yake na chai yako, uutazame vizuri. Hapo ndipo mtoto aliposhusha rola akakungoja urudi.

Mshauri